Miguu ya Saa Tisa

Siku ya tatu baada ya upasuaji, Irungu hakuhitaji tena kuambiwa ni nani ameingia nyumbani. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha masaji, uso ameuingiza kwenye lile tundu la kichwa, na dunia yake yote ilikuwa taili mbili na robo za sakafu. Mtu akija kumsalimia, anavua viatu mlangoni, anasimama pale chini ya tundu, na Irungu anaona miguu, basi. Soksi yenye shimo la kidole gumba: huyo ni Mulongo, keateka, mtunzaji wa hii ploti yao ya ghorofa. Visigino vyenye nyufa na vumbi la viazi: huyo ni Mirriam, mke wake. Na kila saa tisa mchana, vidole kumi vyenye kucha za rangi ya maruni, vinang'aa kama vimetoka kupakwa sasa hivi.

"Kate! Karibu, karibu!"

Sasa hiyo karibu ndiyo ilianza kuharibu mambo. Ilitoka haraka sana. Kate mwenyewe, jirani wa saluni ya chini, hakuwa amefungua mdomo, hata pumzi ya kupanda ngazi hakuwa ameimaliza, na Mirriam alikuwa jikoni anaosha sufuria, anasikia.

Mirriam naye aliingia dakika kumi kabla ya hapo. Alisimama palepale. Aliulizwa, "Ni saa ngapi?"

Jicho lililopasuliwa lilikuwa la kulia, na ndilo pekee la kazi, kwa sababu la kushoto tangu utotoni linaona rangi na maumbo ya karibu tu, si uzi wala sindano. Irungu ni fundi wa nguo pale Kayole, sare za shule na suti za harusi, na jicho hilo likienda, cherehani pia inaenda, na nyumba inabaki ikitegemea sukuma wiki anazouza Mirriam kibandani. Ngozi ya nyuma ya jicho ilikuwa imebanduka. Daktari akairudisha mahali pake, akajaza hewa ndani ya jicho ili iikandamize. "Hewa hupanda juu," sista wa hospitali aliwaeleza wakitoka. "Ukiinamisha uso, hewa inapanda nyuma, inashikilia ile ngozi. Ukilala chali, inakuja mbele, na nyuma hakuna kitu kimeshikilia. Kwa hivyo siku kumi, uso chini. Kila saa una dakika kumi za kula, choo na dawa ya matone. Hamsini zingine ni uso chini, hata ukilala usingizi."

"Kama gamu ya kola," Irungu alisema. "Lazima pasi ikae juu yake mpaka ishike."

"Sijui mambo ya kola," sista alisema. "Uso chini."

Kulikuwa na viti vya kukodisha, vya kukalia umeinama, lakini bei ya siku moja ilikuwa faida ya Mirriam ya siku tatu. Ndipo Kate akasema ana kitanda cha masaji cha zamani kwenye saluni yake, hapo chini ya ploti, kiko na tundu la uso, kimekaa tu. Mulongo akakibeba hadi ghorofa ya tatu akilalamika kila ngazi. Kate akajitolea pia kupanda kila saa tisa kumwekea matone ya mchana, na Mirriam akashukuru mpaka akashika mikono ya Kate yote miwili. Mtoto wao Eve alikuwa amepelekwa Murang'a kwa shosho, mama yake Mirriam, ndio nyumba itulie. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri, aki, isipokuwa hakuna aliyefikiria miguu.

*

Kibanda cha Mirriam kiko ng'ambo tu ya barabara, kinaangalia geti la ploti na ngazi zote. Zamani hiyo ilikuwa baraka. Sasa ikawa ni kama televisheni ambayo huwezi kuzima.

"Anapanda," Sahro alisema. Sahro huuza magauni ya dira na leso kwenye kibanda cha pili, na hana kazi nyingi saa tisa.

"Nimeona."

"Leo amevaa ile blausi ya maua."

"Sahro, nimeona."

"Wallahi mimi sisemi kitu. Nauliza tu, mume wako ni mgonjwa ama ni sultani? Mmoja anapika asubuhi, mwingine anakuja alasiri amenukia."

Mirriam alicheka, kwa sababu usipocheka Kayole nzima itajua umeumia. Kisu chake kilikuwa kinapita kwenye sukuma bila yeye kukiangalia. Macho yalikuwa kwenye ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mlango. Huyo hapo ndani.

"Mama Eve," mteja mmoja alisema akifungua mfuko wake, "leo umekata kama ya ng'ombe. Kwani hujui mimi napenda nyembamba?"

"Pole, ebu lete nirudie."

Alirudia. Kate alikaa huko juu dakika arubaini na tano. Matone ya dawa yanachukua dakika mbili. Mirriam mwenyewe ndiye huyaweka asubuhi na jioni. Zilizobaki arubaini na tatu zilikuwa za nini?

Ukweli ni huu, na Mirriam hakuwa na njia ya kuujua. Zilikuwa za stori. Saa tisa saluni huwa haina wateja, na Kate alikuwa amegundua kitu ambacho hajawahi kupata tangu afungue ile saluni: mwanaume anayemsikiliza bila kumwangalia. Wengine wote wakiongea naye macho yanatembea. Huyu amezika uso kwenye tundu, anauliza maswali mazuri, anacheka na mabega. Kate akawa anakaa chini kwenye taili, mgongo ukutani, anamwambia mambo ya mama yake, ya mwenye nyumba, ya jamaa mmoja wa mtaa wa Umoja aliyempotezea miaka miwili. Na Irungu? Irungu alikuwa akisikia saa sita imefika anaanza kuhesabu. Hakuwa anataka kitu. Lakini alikuwa anangoja, hiyo hatuwezi kuficha.

*

Jioni ya siku ya nne Mirriam alivua viatu, akasimama chini ya tundu, akakataa kuongea.

"Mama Eve?" Irungu alisema.

"Umenijuaje?"

"Si ni miguu yako."

"Iko aje?"

Irungu alikohoa ndani ya tundu.

"Nauliza, iko aje? Kucha za Kate ni rangi gani?"

"Maruni," Irungu alisema. Maskini, hakufikiria hata sekunde moja.

"Haya. Na zangu?"

"Zako… Zako ni zako, Mirriam. Kwani ni mtihani?"

"Si nimeuliza tu." Alienda jikoni, akawasha gesi, akazima, akarudi. "Mimi nasimama kutoka saa kumi na moja asubuhi nikienda soko, nasimama mpaka saa mbili usiku. Hii miguu ndiyo imeleta hiyo supu unakunywa na mrija."

"Nani amesema vibaya juu ya miguu yako?"

"Hakuna mtu amesema kitu, Baba Eve. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Hakuna mtu amesema kitu."

Irungu alitaka kuinua kichwa amwangalie, shingo ikaanza kuinuka, na Mirriam akakishika akakirudisha kwenye tundu, kwa upole wa mtu aliyekasirika. "Uso chini," alisema. "Usiniletee kesi ya jicho."

*

Siku ya tano, Ijumaa, Mirriam alimwachia Sahro kibanda, akaenda Umoja. Hakutaka saluni ya Kayole ambapo habari zingefika nyumbani kabla yake. Msichana wa huko alimwekea miguu kwenye beseni la maji moto, akasugua na jiwe mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa, na wala hakusema kitu, lakini alibadilisha maji mara tatu na kila mara wateja wengine waliangalia beseni likipita.

"Rangi gani, mathe?"

Mirriam aliangalia chupa zote. Kulikuwa na waridi, kulikuwa na nyeupe ya maharusi, kulikuwa na nyekundu ya kelele. Alizipita zote. Mtu akiwa na wivu haoni rangi nyingine ila ile inayomnyima usingizi.

"Hiyo maruni," alisema.

Alifika nyumbani saa tisa kasoro robo. Alikuwa anafurahi, tuseme ukweli. Alikuwa anacheka peke yake kwenye ngazi kama msichana. Alivua viatu, akaingia polepole, akasimama kwenye taili, akapanga miguu vizuri, vidole vyote kumi viangalie juu, akangoja.

"Kate!" Irungu alisema. "Leo umewahi!"

Mirriam alikunja vidole vyote kumi kwenye taili.

"Afadhali umekuja mapema, sijalala vizuri. Nilikuwa nafikiria yale ya jana. Kate, ile kitu nilikuambia, ati nililia huko thieta ya upasuaji, ati nikamshika sista mkono kama mtoto, tafadhali usiwahi kumwambia Mirriam. Hata kwa mzaha. Yeye anajua niliingia nikitembea na nikatoka nikitembea. Kila asubuhi nikifunguliwa hili jicho naona ukungu tu, naogopa sana. Lakini hayo ni yetu sisi wawili, sindio?"

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka jikoni. Miaka kumi na mbili ya ndoa. Mirriam amezika mama yake Irungu, amelipa karo Irungu akiwa hana kazi, amemwongoza kutoka teksi hadi ghorofa ya tatu akiwa na bandeji. Hajawahi kuona chozi lake hata moja. Alikuwa amefikiria halipo. Kumbe liko, limepelekwa kwa jirani.

"Kwa nini?" Mirriam aliuliza.

Mgongo wa Irungu ulikakamaa.

"Mirriam?"

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Hiyo miguu… Si wewe… Umepaka?"

"Wacha miguu! Kwa nini Kate ajue na mimi nisijue?"

"Uko na mzigo wa kutosha," Irungu alisema ndani ya tundu, sauti yake ikirudi kutoka sakafuni. "Nikikulilia wewe, nani atabaki amesimama hapa nyumbani? Kate ni mtu wa kupita tu. Nikimwambia, inaenda."

"Kwa hivyo machozi ni ya Kate, na mimi ni wa kumwaga ndoo."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo iko."

Mlango ulibishwa. Ilikuwa saa tisa kamili. Kate aliingia na chupa ya soda baridi, akavua sandali, akaona miguu ya Mirriam, akasema kwa furaha ya kweli, "Ai, Mama Eve! Tunafanana!"

Hakuna neno baya zaidi lingeweza kuchaguliwa.

"Kate mamii," Mirriam alisema, kwa ile sauti tamu ambayo wateja wake wa deni wanaijua, "asante sana kwa kitanda. Umetusaidia. Kesho Mulongo atakirudisha."

"Lakini bado siku tano…"

"Tutajipanga. Sisi ni watu wazima, tuko na kitanda chetu."

Kate aliangalia mgongo wa Irungu, akingoja mgongo useme kitu. Aliacha soda mezani akateremka.

*

Jumamosi kitanda kilishuka. Mulongo alilalamika ngazi zote za kuteremka pia. "Siku ya sita tu kinarudi? Kwani fundi amepona?"

"Wewe beba," Mirriam alisema.

Alimpangia Irungu mito minne, akamwekea blanketi iliyokunjwa chini ya kifua, na meza ya chai yenye taulo ya kuegemeza paji la uso akiwa ameketi. Aliifanya kwa bidii, akapima mara mbilimbili, kwa sababu alitaka sana ionekane kwamba inawezekana. Ilionekana. Kwa saa mbili. Kisha shingo ikashika, pumzi ikakosa pa kupita, na Irungu akawa anahema mdomo ukiwa kwenye taulo.

"Inauma?"

"Niko sawa."

"Nikuletee mto mwingine?"

"Nimesema niko sawa, Mirriam." Hakuwa na haki ya kulalamika na alijua, na kila mara akikaribia kusema kitu alikumbuka ile "kwa nini" ya Mirriam. Usiku huo wote wawili hawakulala vizuri.

Jumapili Mirriam alienda kanisani na viatu vya wazi. Alikuwa amepanga kurudi baada ya ibada moja kwa moja. Lakini wamama walimwona. "Mama Eve! Wee! Nani amekuoa upya?" Mmoja akainama kabisa kuangalia. Wakamshika, wakamkalisha, kulikuwa na mkutano wa chama cha akiba, kulikuwa na chai na mandazi, kulikuwa na maswali kuhusu fundi na maombi ya jicho. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumwambia amependeza. Aliwaza, dakika kumi tu. Zikawa saa moja na nusu.

Alifungua mlango saa saba na nusu. Mito ilikuwa sakafuni. Irungu alikuwa kwenye kochi, amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Uso wake ulikuwa unaangalia dari.

Kwa siku saba Mirriam alikuwa hajaona huo uso ukiwa umetulia. Ulikuwa umevimba, una alama ya taulo kwenye paji, ndevu zimeota ovyo, na ulikuwa uso mzuri, wa mtu aliyechoka sana. Alisimama akauangalia, labda sekunde tatu. Halafu akapiga kelele.

"Baba Eve! Geuka! Geuka! Uso chini!"

Irungu aliruka, akageuka, akaanguka magotini, akashika kichwa. "Nimelala saa ngapi? Mirriam, nimelala saa ngapi hivyo?"

"Sijui! Uliinua kichwa lini?"

"Sijui. Ulipoenda nilijaribu… nilisema nipumzishe shingo dakika tano." Mkono wake ulikuwa unatafuta hewani, ukashika sketi yake. "Ukungu uko vilevile. Ama umeongezeka. Siwezi kujua. Mirriam, siwezi kujua."

Mabega yalianza kutetemeka. Haikuwa kicheko. Mirriam alikuwa ametamani hicho kitu tangu Ijumaa, alikuwa amekionea wivu mpaka kikamtoa akili, na sasa kimekuja, kiko hapo magotini pake, na hakikuwa na utamu wowote. Aliinama akamshika paji kwa mikono yote miwili ili lisiinuke.

"Kaa hivyo. Usisonge. Nakuja."

*

Saluni ya Kate Jumapili hujaa. Wanne walikuwa wakisukwa, wawili wanangoja, redio juu. Na kitanda chenyewe kilikuwa kimepata kazi: mwanamke mnene amelala juu yake, mgongo wazi, na Kate anamkanda na mafuta.

"Mama Eve," Kate alisema bila kusimamisha mikono. "Karibu."

"Nimekuja kuomba kitanda."

Mtu alipunguza redio. Kwa nini watu hupunguza redio?

"Si ulisema mko na chenu?" Kate aliuliza.

"Nilisema."

"Ulisema mtajipanga."

"Nilisema, Kate. Nilisema vibaya. Amelala chali nikiwa kanisani. Sijui ni saa moja, sijui ni mbili." Wateja wote walikuwa wameinua vichwa wasipitwe na neno. "Nilikuwa na wivu na wewe. Bado niko nao. Lakini hilo jicho ni moja, hana lingine."

Mikono ya Kate ilisimama. Usoni mwake kulipita kitu, haikuwa huruma tupu. Kulikuwa na ushindi kidogo hapo, na aibu ya huo ushindi. Alimgonga mteja begani.

"Mamaa, amka. Nitakumalizia kwenye kiti."

"Na mafuta haya yote?"

"Amka tu, aki."

Mulongo hakupatikana, Jumapili huwa hapatikani. Wakakibeba wenyewe, Kate mbele, Mirriam nyuma, mafuta yakiteleza mikononi. Kwenye ghorofa ya pili walipumzika. Walikuwa wanahema, wanaangaliana.

"Aliniambia alilia," Kate alisema hatimaye. "Nilimwambia akuambie wewe."

"Najua alikuambia," Mirriam alisema. "Inua."

*

Jumatatu asubuhi walikuwa kliniki. Irungu alitembea korido nzima ameinama, Mirriam akimwongoza kwa kiwiko. Daktari alimfungua jicho, akamulika, akamwambia aangalie juu, chini, kulia. Alichukua muda mrefu kuliko siku ya kwanza.

"Ulikaa uso chini siku zote?"

"Ndiyo," Irungu alisema haraka. "Ila jana kidogo, nilizembea mimi mwe…"

"Nilimwondolea kitanda," Mirriam alisema. "Ni mimi. Toka juzi. Na jana alilala chali, kama saa mbili hivi."

Daktari hakuuliza kwa nini. Labda ameona mengi. Alivuta kiti karibu.

"Katikati imeshika. Huko pembeni kuna ukingo sijaupenda, unaweza kushika, unaweza kuachilia. Ukiachilia tunarudi thieta, na safari hiyo siwezi kuahidi kitu. Kwa hivyo naongeza. Siku kumi zingine, kuanzia leo. Bila kuhesabu zile za nyuma."

"Kumi," Irungu alisema, akiwa tayari ameshainamisha kichwa magotini.

Sista alivuta fomu. "Mgonjwa asiachwe peke yake tena. Nani anakaa naye asubuhi?"

"Mimi."

"Jioni na usiku?"

"Mimi."

"Na mchana?"

Mirriam aliangalia ukuta. Kulikuwa na picha ya jicho kubwa limekatwa katikati, kila kipande kimeandikwa jina lake. Aliwaza kumtaja Sahro, lakini Sahro ana kibanda. Aliwaza kufunga kibanda chake, na unga je? Alijua jibu tangu kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Alikuwa anatafuta tu mtu mwingine wa kulisema.

"Kuna dada mmoja wa chini," alisema. "Anaitwa Kate."

"Ni ndugu yenu?"

"Hapana."

"Anaaminika?"

Mirriam aliangalia kisogo cha Irungu, kichwa bado magotini.

"Kwa kitanda, ndiyo," Mirriam alisema. "Kwa matone, ndiyo. Andika."

"Nipatie namba yake ya simu."

"Sufuri saba…" Irungu alianza, kutoka huko magotini, ameikariri, bila kukwama.

"Wewe nyamaza," Mirriam alisema, akifungua mkoba wake kutoa simu. "Ninayo mimi."

Na akaisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, polepole, sista asije akakosea hata moja.